Mguu wa Shefu Ulitangulia

Shefu wa avenyu yetu alizikwa mara mbili. Mara ya kwanza tulizika mguu wake wa kushoto, na maagizo aliyatoa yeye mwenyewe, akiwa amelala hospitalini hapa mjini Baraka: uzikwe kwenye makaburi ya ukoo wao, njia ya kwenda Mboko, usitupwe kwenye shimo la hospitali pamoja na bandeji za watu asiowajua. Mara ya pili tulizika kilichobaki.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani wanasema hata kuku wangu wamesafiri kuliko mimi. Nina panneau ya jua juu ya paa, nachaji simu za watu pale mlangoni, na kazi hiyo inanifaa kwa sababu zinazotembea ni simu, mimi nakaa. Natoka kwa ajili ya misiba tu. Siku ya mguu nilisimama nikijiuliza kama huo ni msiba kamili au nusu msiba, na kama ni nusu, je, siwezi kuishia nusu ya njia? Mke wangu alinitazama mara moja. Nikavaa viatu.

Mguu ulikuwa umefungwa katika kitenge cha mke wake, Mama Shefu, kile cha kwendea harusi. Waliubeba shemeji zake wawili, na njia nzima walibishana nani ashike upande wa unyayo. Mchungaji alisimama mbele ya kale kashimo kadogo, akafungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna ibada iliyoandikwa kwa ajili ya mguu. Mwishowe akasema, "Bwana, pokea hiki kimetangulia. Na mwenyewe, umucheleweshe." Tukaitika amina. Mmoja wetu nyuma akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa wasiojua, shefu wa avenyu ni serikali ya mwisho kabisa, ile inayokujua hadi jina lako la utani. Ya Kinshasa hatujaiona, ya Bukavu tunaisikia redioni, lakini ya kwetu ilikuwa inapita mlangoni kila asubuhi ikiwa na filimbi shingoni na tumbako ya kusokota mdomoni. Ndiye aliyeamua mpaka wa kiwanja chako unaishia wapi. Ndiye aliyemjua mgeni kabla mgeni hajatua mzigo. Na Jumamosi ndiye aliyepiga filimbi ya salongo, tutoke wote na majembe kuzibua mitaro ya maji.

Mimi na salongo hatukuwa marafiki. Nilikuwa na sababu zangu: simu za watu, mgongo, na kwamba nimemaliza sekondari sehemu ya bio-chimie, nina diploma yangu ya serikali ndani ya plastiki. Alikuwa anasimama mlangoni na kupaza sauti ili avenyu nzima isikie:

"Diplome! Toka!"

"Nachaji simu, Shefu."

"Mutaro haijue diplome. Kuya na jembe."

Nikawa naitwa Diplome mpaka leo, na hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo kwa heshima.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa damu. Kwetu hapa mama akizaa vibaya, au mtu akianguka kutoka juu ya nyumba anayojenga, ni familia yenyewe inayotafuta mtu wa kutoa damu. Yeye alikuwa gurupe O, ambayo inaweza kuingia kwa mtu wa gurupe yoyote. O si chache kwetu. Zilizo chache ni O zenye roho ya kunyoosha mkono, maana wengi wanaamini damu ikitoka hairudi. Kwa hiyo kila mtu alijua mlango wa kubisha. Alikuwa hakatai. Kwanza alichana nywele, akavaa shati la Jumapili, ndipo akapanda moto, zile pikipiki za kukodi, kwenda hospitalini. Akimaliza alidai sucré, soda ya baridi, na mikate ya mafuta, na alikula pale pale mbele ya familia ya mgonjwa ili waone kilichotoka kinavyorudishwa.

Baada ya hapo ulikuwa wake. "Damu yangu," alikuita hivyo mbele za watu. Ukimbishia kwenye kesi alikwambia, "We nyamaza. Robo yako ni mi." Ungedhani damu yake iliwapendelea aliowapa. Kumbe aliwaumiza zaidi. Kuna fundi wa matofali aliyeanguka kwenye jengo akaokolewa kwa damu ya Shefu. Baadaye aligombana na jirani kuhusu ukuta uliovuka mpaka kwa upana wa kiganja. Shefu aliamuru ukuta uvunjwe siku ile ile. Fundi akalia, "Shefu, na damu tuko nayo moja?" Akajibiwa, "Ndio maana. Damu yangu haiibe udongo."

Na alikuwa na ulimi mbaya juu ya wakimbizi wa Burundi walioko kambini. Wamemaliza kuni, wamemaliza nyasi, wakilima wanalima hadi barabarani. Aliyasema hayo kila siku, pale pale mlangoni pangu, simu yake ikichaji. Siku moja alikuja mwanamume kutoka kambini anahema, mke wake anazaa na anakwisha. Shefu alikuwa katikati ya sentensi kuhusu kuni. Hakuimaliza. Alichana nywele akaenda. Yule mama alipona, na tangu hapo naye akawa "damu yangu", na Shefu aliendelea kuwasema Warundi, ila sasa alikuwa anaongeza, "mutoe mumoja."

Sasa nifike kwenye redio, maana ndipo kifo chake kilipoanzia, na kilianza kwa furaha.

Kilikuwa ni kipindi cha afya, mchana, kwenye redio yangu pale mlangoni. Mtangazaji alieleza kwamba wataalamu wameona watu wa gurupe A, B na AB wanaugua mishipa ya damu kuziba, ile ya moyo na ya miguu, zaidi kidogo kuliko watu wa gurupe O, kwa sababu damu ya O haigandi upesi kama ya wengine. Shefu aliruka kutoka kwenye kiti kana kwamba ameitwa kwa jina.

"Ongeza sauti! Diplome, ongeza!"

Niliongeza. Mtangazaji akaendelea kusema kwamba tofauti yenyewe ni ndogo, kwamba sigara, chumvi, mafuta na tansyo, ule ugonjwa wa presha, ndivyo vinavyoua kweli kweli. Hiyo sehemu Shefu hakuisikia. Alikuwa ameshafika barabarani, anawasimamisha watu.

"We iko gurupe gani?" alirudi kuniuliza.

"A."

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Akavua kofia. "Marehemu," akasema.

Kuanzia hapo nilikuwa na majina mawili. Alipita asubuhi: "Marehemu aliamuka muzuri?" Alimwambia mke wangu mbao nzuri za sanduku zinatoka upande wa Kilembwe, aanze kuagiza mapema kabla ya mvua. Kanisani aliniombea kwa sauti. Mimi nami nilijibu kadiri ya bio-chimie yangu, ambayo imebakia mchoro mmoja wa moyo wenye rangi mbili: nilimwambia hatari kidogo si kukosa hatari. Akasema, "Mutu wa A atasema nini ingine?"

Na mambo yangekuwa utani tu, lakini alikuwa mgonjwa wa tansyo, na muganga wa sentre ya afya alikuwa amempa vidonge vya kumeza kila siku. Aliviacha. Chumvi ikarudi kwenye samaki, mawese yakaelea juu ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, na tumbako ikawa inawashwa kwa nyingine. Mama Shefu alimlilia. Muganga mwenyewe alikuja, akakaa kwenye benchi langu, na nilisikia kila neno.

"Shefu, dawa."

"Ya nini? Mi niko O. Ata redio inajua."

"Sikiliza. Kuzaliwa O ni kama kupewa mutumbwi mupya. Ni bahati. Lakini ukikaa ndani na musumari, kila siku unatoboa, mutumbwi mupya utazama tu."

"Na ule wa Diplome?"

Muganga akanigeukia akacheka. "Ule wa Diplome ni wa zamani. Lakini hautoke ata ku kivuko."

Tulicheka sote watatu. Nakumbuka tulivyocheka, kwa sababu Shefu alikuwa anajikanda kigimbi cha mguu wa kushoto kwa mkono wake huku anacheka, na hakuna aliyemuuliza.

Zamani Shefu alikuwa anaipita avenyu yote hadi ziwani bila kusimama. Ulisikia filimbi, ukaona mgongo. Mwaka ule akaanza kusimama. Kwanza pale kwenye mashine ya kusaga mihogo, halafu kwangu, halafu kwenye kanisa. Baadaye ikawa kila nyumba. Alisimama, akaegemea ukuta, akakuuliza watoto wanasoma vipi, paa linavuja wapi, mihogo imeota au imeliwa na nguruwe. Alisikiliza jibu mpaka mwisho, halafu akaenda, nyumba ya pili akasimama tena.

Avenyu ilimpenda kama haijawahi kumpenda. Watu waliweka kiti nje mapema. Mke wangu akasema, "Shefu amebadilika. Roho Mutakatifu alimushika."

Aliyemshika alikuwa mguu. Muganga alitueleza baadaye: mshipa ukianza kuziba, nyama ya mguu inakosa damu ukitembea, inabana kama imefungwa kamba. Ukisimama kidogo inaachia. Ukitembea inabana tena. Kila salamu tuliyopewa mwaka ule ilikuwa ni mguu unaoomba pumzi. Alikuwa hawezi kusema hivyo, kwa sababu angesemaje? Mishipa inaziba kwa watu wa A.

Kisha jembe la salongo likamkwaruza kidole. Kidonda kidogo, cha kufunga na kitambaa. Hakikupona. Akaanza kuvaa bote, zile buti za mpira, mvua isinyeshe, jua lipasue mawe, yeye na bote. Siku moja ameketi mlangoni pangu, mke wangu akatoka akavuta hewa, akalibeba karai la ndagala akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba. "Zimeharibika," akasema. Ndagala zilikuwa za asubuhi ile, zilizotoka kwa wavuvi. Nilimwona Shefu akivuta miguu yake chini ya benchi, polepole, kama mtoto aliyekojoa darasani. Hatukutazamana.

Mama Shefu ndiye aliyeivua ile bote, kwa nguvu, Shefu akipigana naye sakafuni. Kelele yake ilifika hadi kwangu: "Hii si kidonda! Hii ni maiti! Unalala na maiti mu nyumba yangu!"

Hospitalini daktari hakupoteza maneno. Mishipa ya mguu imeziba, nyama imekufa, ukatwe au azikwe nao. Na ili wakate, walitaka damu. Ya O. Kwa sababu O inaingia kwa wote, lakini yeye O mwenyewe haingiwi ila na O.

Nilikwenda siku ile. Ndiyo, mimi. Sikuwa wa maana, damu yangu ya A haikuwa na kazi pale, lakini nilikwenda, na kile nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike haya.

Walikuja wote. Avenyu yote iliyowahi kuitwa "damu yangu" ilikuwa imepanga mstari mbele ya mlango wa labo: akina mama aliowaokoa wakizaa, mvuvi aliyechanwa na ndoano, fundi wa matofali. Walitobolewa kidole mmoja mmoja. A. B. A. Mmoja O, lakini ametoka kuugua malaria. Mwingine O, damu nyepesi kama chai ya yatima. B tena. Wakarudi kukaa kwenye ukuta wa nje, kila mmoja amebana pamba kwenye kidole, kama watu waliorudishwa mpakani.

Fundi alikataa kuondoka mlangoni.

"We ni A," mtu wa labo akamwambia. "Damu yako itamuua."

"Si yangu! Mi sisemi mutoe yangu! Ile yake iko humu ndani." Alikuwa anajipiga kifua. "Mutoe tu ile yake! Munirudishie mupe mwenyewe!"

"Papa, ile ilikwisha. Mwili wako uliimaliza zamani."

"Ilikwisha?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa amekula akiba ya mwenzake bila kujua. Alikaa chini pale pale. "Nilimaliza damu ya Shefu," akawa anasema. "Mi nilimaliza damu ya Shefu."

Nikatafuta mti wa kuutazama. Hakukuwa na mti. Nilitazama ukuta.

Aliyefaa alikuwa yule mama wa kambini, Mrundi wa "mutoe mumoja". Alifika na mtoto mgongoni, akatobolewa, akawa O, na damu yake nzuri. Alimkabidhi Mama Shefu mtoto, akaingia. Alipotoka aliomba maji tu. Sucré tuliyomnunulia alimpa mtoto.

Shefu alirudi nyumbani na magongo mawili, na ulimi wake mzima. Tulipomuuliza habari alisema, "Nimepunguka." Alianza kumeza vidonge vya tansyo mbele ya Mama Shefu, akifungua mdomo baadaye amuonyeshe kama mtoto. Tumbako alivuta nusu nusu. "Walinikata nusu, na mi navuta nusu." Muganga alikuwa amemwambia wazi kabla hajatoka hospitalini: mishipa yote ni ya mtu mmoja, ya moyo si mizima kuliko ya mguu, na mwili huu hauwezi kubeba kisu kingine kwa urahisi. Kuhusu redio Shefu alisema neno moja tu, siku moja, bila mimi kumchokoza. "Redio haikudanganya, Diplome. Ilisema kidogo. Mi nilisikia hapana."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ijumaa mchana. Mama Shefu alikuja mwenyewe mlangoni pangu, kitenge kimefungwa vibaya.

"Baba, kuya. Anaita we. Anakataa mwengine."

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi juani, jua lile la kuchoma bati, na amejifunika miguu, nataka kusema mguu, kwa blanketi.

"Shika," akasema.

Nilishika. Kulikuwa na joto la kukaanga mihogo, na mguu ule ulikuwa baridi kama mtungi uliolala kivulini.

"Sema kweli. Njo maana nikakuita. Mama atasema ya kunifurahisha. Muganga ataniambia kwa Kifaransa."

"Iko baridi, Shefu."

"Na kidole?"

"Kikubwa kinaanza. Rangi."

Mama Shefu aliingia ndani, na tukasikia sufuria zinapangwa ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Niite moto," nikasema. "Twende sasa."

"Madaktari batakata. Na wakikata, batatafuta damu. Nani atakuya?" Hakungoja nijibu. "Wenye O wa hapa watajificha chini ya vitanda, nabajua. Atakuya yule mama. Amezaa tena juzi, amekuwa mweupe kama bukari ya unga wa mihogo. Akisikia tu, atakuya. Kwa hiyo asisikie."

"Shefu, tutaenda kutafuta hata Kazimia."

"Diplome, ata ukinipatia pipa ya O, moyo huu hauvuke kisu. Uliambiwa, niliambiwa. Mi sitakufa na maziwa ya mutoto wa mwengine mu mishipa yangu." Alipumua kidogo. "Leta yako."

"Nini?"

"Muguu."

Nilivua kiatu nikauweka mguu wangu juu ya goti lake. Aliukamata kwa mikono miwili, akaupima kama mtu anayenunua samaki, akaubonyeza vidole, akakaa nao muda mrefu.

"Iko moto," akasema. Akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi ya kukiendesha. "Marehemu iko moto!"

Nilicheka naye.

"Kesho salongo," alisema alipomaliza. "Utapita ku avenyu uite batu."

"Mimi?"

"Filimbi siwezi kukupa, utaimeza. Piga hodi. Na usisimame kila nyumba kama mi, batu watafikiri unabapenda."

Tulimzika kabla ya salongo iliyofuata, karibu na ule mguu, na mchungaji safari hii alikuwa na ibada iliyoandikwa.

Lakini Jumamosi ile alikuwa bado hai, na mimi nilipita. Nilianzia kwenye mashine ya kusaga, nikaenda hadi ziwani. Nilisimama kila nyumba. Nikauliza watoto wanasoma vipi, paa linavuja wapi, mihogo imeota au imeliwa na nguruwe, na nikangoja jibu mpaka mwisho. Na miguu yangu haikuwa inauma hata kidogo.